Homa ya Uti wa Mgongo: Jina Linalotupoteza Njia

Ilikuwa usiku wa manane, miaka 17 iliyopita, tulipogongewa mlango. Nje alisimama kijana wa mtaani kwetu, jirani wa nyumba ya tatu, amembeba bintiye wa miaka mitatu begani. Nyuma yake alikuwa mamake mzee, amejitanda buibui, mkononi ana chupa ya marashi ya waridi. "Shekhe, utuwie radhi kukuamsha," alisema yule bibi. "Mtoto ashikwa na dege. Twakuomba umsomee."

Tuliwakaribisha ndani. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa. Macho ameyafumba, na kila taa iliposogezwa karibu alilia akageuza uso. Tulipomwinua kichwa ili tumnyweshe maji, shingo haikukunjika. Kichwa na mgongo viliinuka pamoja kama ubao mmoja. Jambo hilo tulilihisi kwa mikono yetu wenyewe, wala hatukulielewa. Tulilifasiri kwa ujuzi tuliokuwa nao: tukasema ni dege, nyuni wa watoto, ndiye aliyemkaza. Tukamsomea, tukamwandikia kombe kwa zafarani, tukawaambia wakamlaze, na kukicha wakimwona bado, wamrudishe.

Walimrudisha. Siku ya pili tukasoma tena. Siku ya tatu mtoto hakuitika jina lake, na mamake, ambaye siku zote mbili alikuwa akimngoja mavyaa wake aseme neno, alimchukua mikononi akatoka peke yake bila kumuaga mtu, akapanda matatu mpaka hospitali. Tunayaandika haya kwa idhini yake. Mtoto alipona, alhamdulillah, lakini alirudi nyumbani hasikii. Haikuwa dege. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukiombwa katika jarida hili kuandika juu ya maradhi ya watoto, nasi tukiandika juu ya surua, kuhara na malaria. Hili moja tulikuwa tukilipita pembeni, na sababu yake msomaji sasa ameijua. Wiki hii hatutalipita.

Tuanze na jina, kwa kuwa jina lenyewe limewapoteza wengi. Mwenye kusikia "uti wa mgongo" hutazama mgongoni. Tumewahi kumkuta mama akimkanda mwanawe mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kwa kuwa jirani alimwambia kuwa homa hii ni maradhi ya mifupa ya mgongo na dawa yake ni kukandwa. Mtoto akilalamika kichwa, mama huyo hana sababu ya kuufikiria uti wa mgongo. Kumbe makao makuu ya ugonjwa huu yamo kichwani, ndani ya fuvu, na mgongo hushiriki tu kwa ujirani.

Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Waarabu nao watu wao wa kawaida huuita humma shaukiya, yaani homa ya uti wa mgongo, vilevile kama sisi. Lakini matabibu wao hutumia jina jingine, iltihabu ssahaya, na hili ndilo linalogonga penyewe. Iltihabu ni kuwaka, kuvimba kwa sehemu ya mwili iliyoshambuliwa. Sahaya ni tando zinazoufunika ubongo. Jina la kitaalamu lililoenea duniani, meninjitisi, lina maana iyo hiyo, limetoka katika neno la Kigiriki la utando. Na Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha Al-Qanun maradhi aliyoyaita sirsamu, neno la Kiajemi lenye maana ya uvimbe wa kichwa, akaupeleka uvimbe huo kwenye vifuniko vya ubongo. Hakuwa na darubini wala maabara. Alitazama wagonjwa, akafikiri vizuri. Sisi tuliokuwa na hospitali umbali wa nauli moja ya matatu tuliutazama ugonjwa uleule tukaona nyuni.

Basi tando hizo ni zipi? Mtu wa pwani hana haja ya picha ya kitabuni, achukue nazi. Makumbi ya nje yafananishe na nywele na ngozi ya kichwa. Kifuu ni fuvu. Ndani ya kifuu, kabla hujaufikia weupe wa nazi, ipo ngozi ya kahawia iliyoganda juu ya nyama. Katika kichwa cha binadamu ngozi hiyo si moja, ni tatu: ya nje ni nene na ngumu, imeshikamana na fuvu; ya kati ni laini kama utando wa buibui; ya ndani ni nyembamba mno, imeugandama ubongo kila mahali, hata kwenye mikunjo. Baina ya ile ya kati na ile ya ndani hupita maji safi, meupe kama ya kisima kilichotulia. Katika mwili wa mtu mzima maji hayo ni kiasi cha mililita 150 tu, kikombe cha chai kisichojaa, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya ya zamani. Ubongo waelea ndani yake, usigonge fuvu kila tunaposujudu na kuinuka. Tando hizo tatu na maji hayo haviishii kichwani. Huteremka pamoja ndani ya mifupa ya mgongo, vikiifunika ile kamba ya mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Hapo ndipo jina letu la Kiswahili lilipotoka, na hapo ndipo shingo inapokakamaa, kwa kuwa mtu akiinamisha kichwa huzivuta tando zote zilizovimba, nazo huuma kupita kiasi, hata mwili ukakataa wenyewe kukunjika.

Maji hayo yana ila moja: hayana askari wengi. Damu imejaa chembe za ulinzi, na maji ya ubongo hayana ila chache. Kwa hiyo mdudu akifaulu kuingia humo huzaliana kama aliyekuta nyumba wenyewe wamesafiri. Kinga ya mwili inapofika imechelewa, na vita vinapopiganwa hupiganwa mahali pembamba, ndani ya kifuu kisichotanuka. Uvimbe hukosa pa kwenda. Huubana ubongo, hubana mishipa ya damu, na hubana mshipa wa kusikia.

Wadudu wenyewe ni wa jamii mbalimbali. Virusi vingi huweza kuleta homa hii, na ile ya virusi mara nyingi si kali, mgonjwa hupona. Kifua kikuu nacho huweza kupanda hadi kwenye tando, kwa mwendo wa polepole, wiki kwa wiki, hasa kwa watoto wadogo waishio na mtu mzima anayekohoa. Yupo kuvu anayewapata wenye upungufu wa kinga. Lakini inayoua haraka ni ile ya bakteria, na hao mashuhuri ni watatu: meningokoko, nyumokoko, ambaye pia huleta nimonia, na yule ajulikanaye kwa ufupi kama Hib. Kwa watoto wachanga wa siku chache wapo bakteria wengine, ambao wengi wao huwapata wakati wa kuzaliwa.

Hapa pana jambo linalowashangaza watu. Meningokoko huishi kwenye koo la watu wazima wenye afya, pengine mmoja kati ya kumi, wala hawadhuru. Hupitishwa kwa mate na matone ya pumzi: kukohoa, kupiga chafya, kubusiana, kukaa na kulala watu wengi chumba kimoja. Walio wengi hupita naye wiki kadhaa bila kujua, kisha huondoka. Ni wachache tu ambao mdudu huyo hupenya kutoka kooni akaingia katika damu, na kutoka katika damu akaufikia ubongo. Kwa hiyo mtoto akiugua, isisemwe kwamba fulani ndiye aliyemwambukiza kwa uchafu wake. Tumeona familia zikinuniana kwa maneno hayo, nayo hayana msingi.

Sasa tuje kwenye dalili, na hapa twazungumza hasa na mama, nyanya na dada wanaolea.

Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima: homa ya ghafla, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa, kutapika, kuuchukia mwanga, shingo kukakamaa, kisha kuchanganyikiwa au kusinzia pasipo kuamka vizuri, na huenda degedege. Si lazima zote zikutane. Mwenye homa na shingo ngumu asingojewe apate ya tatu. Wengine hutokwa na madoadoa mekundu au ya zambarau, ambayo ukiyabana kwa bilauri ya kioo hayapotei. Kwenye ngozi zetu nyeusi madoa hayo hujificha, basi yatafutwe viganjani, nyayoni, ndani ya midomo na ndani ya kope. Hayo yakionekana, ugonjwa umekwisha ingia katika damu, na hesabu ni ya saa, si ya siku.

Mtoto mchanga hana lugha ya kusema kichwa kinamuuma, na mara nyingi shingo yake haikakamai. Dalili zake ni za kimya. Hukataa titi. Hulegea mikononi kama kitambaa kilicholowa. Hulia kilio kembamba, chembamba kuliko kilio chake cha siku zote, na akibebwa huzidi kulia badala ya kunyamaza. Utosi wake, pale palipo laini pa kichwa, huvimba ukajaa. Na pengine hana homa kabisa, bali mwili umepoa. Katika siku za arubaini, mama akiwa ndani na wageni wakiingia na kutoka, kila mmoja akitaka kumbusu mtoto, mabadiliko haya husemwa ni kijicho, au ni mchango, akapewa hiki na kile. Sisi kwa upande wetu tumeshika msimamo huu: mtoto aliye ndani ya arubaini akipata homa, au akiacha kunyonya, hakuna dawa ya nyumbani, hakuna kungoja asubuhi. Ni hospitali saa ileile.

Degedege twataka tulisimamie kidogo. Wazee wetu walimwona mtoto akikauka, macho yakipinduka juu, mikono ikipigapiga kama mbawa, wakasema ni ndege apitaye juu ya nyumba usiku. Walieleza walichokiona kwa lugha waliyokuwa nayo, wala hatuwacheki. Lakini tunavyojua leo, degedege ni ubongo uliosumbuliwa, na visumbuzi vyake ni vingi. Mara nyingi ni homa tu na mtoto huamka akawa mzima. Mara nyingine ni malaria iliyopanda kichwani, na mara nyingine ni homa hii tunayoizungumzia. Kwa macho hakuna awezaye kuzitenga, si shekhe, si mganga, si daktari. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu katika damu, huku kwetu pwani hilo halithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyomzimisha mtoto, kwani yaweza kuwapo yote mawili pamoja. Hutengwa kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho ndicho watu wanachokikimbia.

Tumesikia kwa masikio yetu mzazi akisema: "Wataka kumtoa mwanangu maji ya mgongo, na fulani alitolewa akafa." Maneno haya yamezunguka mitaani miaka mingi. Tuyapime kwa haki. Ni kweli kwamba baadhi ya waliotolewa maji walikufa au walipooza. Lakini walitolewa maji kwa sababu gani, na walifikishwa hospitali siku ya ngapi? Mtoto aliyeletwa siku ya tano, akatolewa maji siku hiyo na akafa siku ya sita, ameuawa na zile siku nne. Sindano imekutwa tu pale karibu na maiti, ikashitakiwa.

Kipimo hiki si kigeni wala si cha majaribio. Daktari wa Kijerumani Heinrich Quincke alikianzisha mwaka 1891, na tangu hapo kimetumika kote duniani. Mtoto hukunjwa ubavuni kama kamba mbichi, mgongo ukatoka nje, na sindano nyembamba hupenyezwa baina ya mifupa ya kiunoni, chini ya pale ile kamba ya mishipa ya fahamu inapoishia. Hapo hakuna kamba ya kuchomwa, pana maji na nyuzi zinazoelea, ambazo husogea sindano ipitapo. Daktari akihofia kwamba ubongo umebanwa sana, au ngozi ya mahali hapo ina kidonda, hukiahirisha kipimo na kuanza dawa kwanza. Hutolewa matone, kiasi cha kijiko kidogo au chini yake, na mwili huyarudisha upesi. Maji yaliyo salama huwa mangavu. Yenye ugonjwa wa bakteria mara nyingi hutoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha maabara husema ni mdudu gani, na dawa gani itamfaa. Kukataa kipimo hiki ni kumwambia daktari atibu gizani.

Dawa ipo. Ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki zitiwazo kwenye mshipa au kwa sindano, kwa siku kadhaa hospitalini. Si vidonge, wala si ile dawa ya maji inunuliwayo dukani kwa mtoto wa jirani ikabaki nusu chupa. Tena dawa hiyo ya nusu ina madhara ya pekee: hupunguza homa kidogo, huficha dalili, mdudu akaendelea na kazi yake ndani. Na ugonjwa ukithibitishwa kuwa ni wa meningokoko, walioishi nyumba moja na mgonjwa hupewa dawa fupi ya kuwakinga. Wakiitwa na hospitali wasione wamedharauliwa.

Hata kwa dawa, ugonjwa huu hauna mchezo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila watu sita wapatwao na ile ya bakteria mmoja hufariki, na mmoja katika kila watano hubaki na madhara makubwa: uziwi, kifafa, upofu, kupooza, au akili kuchelewa. Kila saa inayopita kabla ya dawa hulifanya fungu hilo kuwa kubwa zaidi.

Waislamu tuna sababu nyingine ya kuujua ugonjwa huu, nayo ni Hija. Mwaka 1987 meningokoko wa aina ya A alizuka Makka wakati wa Hija, na mahujaji wakarejea naye katika nchi zao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, Nairobi ikapata mlipuko wa aina hiyo ya A, wagonjwa zaidi ya 3,000. Serikali ya Saudia ikaweka sharti la chanjo kwa kila hujaji. Mwaka 2000 ukazuka tena, safari hii wa aina nyingine iitwayo W135, ambayo chanjo ya wakati ule iliyotumiwa na wengi haikuikinga, na zaidi ya watu 400 katika nchi mbalimbali, mahujaji na jamaa waliowapokea nyumbani, wakaugua. Ndipo tangu 2002 ikatakiwa chanjo yenye kukinga aina nne, A, C, W na Y. Sharti hilo lawahusu na wa Umra, kwa kila aliyezidi umri wa mwaka mmoja, na cheti chatakiwa kiwe kimetolewa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Siku 10 hizo hazikuwekwa kwa kusumbua watu. Mwili unahitaji muda wa kujijengea kinga.

Twalisema hili kwa sababu tumewaona wasafiri, watu wa ibada, wakitafuta cheti bila chanjo, kama kwamba karatasi ndiyo iliyotakiwa. Mtu ametoka kwenda kutafuta Hija iliyokubaliwa, akaanza safari kwa uongo, kisha akarudi akawabusu wajukuu zake. Hatuna la kuongeza.

Na bado yetu hapa ni ndogo tukilinganisha na ndugu zetu wa Sahel. Toka Senegal hadi Ethiopia upo ukanda ambao daktari wa Kifaransa, Lapeyssonnie, aliuita mwaka 1963 mshipi wa meninjitisi. Huko, kiangazi kikiingia mwezi Disemba, upepo wenye vumbi hukausha makoo ya watu na ugonjwa ukaenea mpaka mvua zinyeshe. Mlipuko wa 1996 na 1997 ulipata watu zaidi ya 250,000 na ukaua kama 25,000. Ndipo ikatengenezwa kwa ajili ya Afrika chanjo mahsusi ya aina ya A, ikatolewa na kiwanda cha India kwa bei isiyofika nusu dola ya Marekani kwa dozi. Ilianza Burkina Faso, Mali na Niger mwaka 2010, na tangu hapo watu zaidi ya milioni 300 wamechanjwa katika ukanda huo. Aina ya A imekaribia kutoweka kabisa. Zilizobaki ni aina nyingine, na mwaka 2024 Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuanza chanjo mpya ya aina tano.

Na kwetu? Kwetu kazi kubwa imefanywa na sindano ambazo mama wengi huzipeleka watoto kuzipata bila kujua ni za nini. Ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina ndani yake kinga ya Hib, na Kenya iliianza mwaka 2001. Watafiti wa Kilifi, hapa hapa pwani, walihesabu watoto wa chini ya miaka mitano walioletwa hospitali na maradhi makali ya Hib. Kabla ya chanjo walikuwa 66 katika kila watoto 100,000 kwa mwaka. Miaka mitatu tu baadaye hawakufika wanane. Tangu 2011 imeongezwa ya nyumokoko, nayo hutolewa siku zizo hizo. Ile ya kifua kikuu apewayo mtoto akizaliwa, iachayo kovu mkononi, faida yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na kifua kikuu cha tando za ubongo. Mama mwenye kadi ya kliniki iliyojazwa ana ngao mkobani.

Yapo masuala mawili tunayoulizwa na wanawake, na tutayajibu kwa ufupi. La kwanza: je, kumsomea mtoto ni kosa? La. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaruhusu watu kusomea, na vilevile mabedui walipomuuliza kama wajitibu aliwaamrisha wajitibu. Yote mawili yametoka kwake, wala hakuna linalolifukuza lingine. Kosa letu sisi usiku ule halikuwa katika aya tulizosoma, lilikuwa katika maneno tuliyoyasema baada yake: "mkamlaze." La pili: mume yuko safarini na mavyaa anasema tungojee, je, mama atoke? Atoke. Mtoto asiyejitambua ni dharura, na dharura haingoji simu ipokewe. Na kina mavyaa, ambao twawaheshimu na wengi wao ndio waliotulea, twawaomba wao ndio wawe wa kwanza kusema "mpelekeni".

Mtoto akipona, kazi haijaisha. Masikio yapimwe kabla hajatoka hospitali au ndani ya wiki nne, kwa kuwa uziwi wa homa hii huja mapema na mtoto mdogo hawezi kuusema. Nyumbani huonekana mkaidi, anaitwa haitiki. Yule binti wa jirani yetu alichapwa kwa ukaidi miezi miwili kabla mtu hajatambua kwamba hasikii. Angepimwa mapema, angeanza mapema kufundishwa lugha ya ishara, na pengine kusaidiwa kwa vifaa.

Alikuja madrasa kwetu akiwa na miaka saba. Hatukujua tumfundishe vipi. Tulimkalisha mbele, tukajifunza kumtazama usoni tunaposema, na yeye akajifunza herufi kwa kuangalia midomo na ulimi. Sasa ni mwanamke wa miaka 20, fundi wa kushona, na buibui nyingi zivaliwazo mtaani kwetu siku ya Idi zimetoka mikononi mwake.

Miezi michache iliyopita tuligongewa mlango tena usiku. Ni nyumba ileile. Kaka yake, aliyekuwa na miaka minane siku zile, sasa ni baba, na mwanawe wa wiki tatu alikuwa na homa na amekataa titi. Hatukuwakaribisha ndani. Tulivaa viatu, tukaita tuktuk, tukapanda pamoja nao, tukamsomea mtoto njiani. Hospitali daktari akataka kutoa maji ya mgongo, na baba akasita, kalamu mkononi, anatazama karatasi. Shangazi ya mtoto alimsogelea. Aligusa masikio yake mawili, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kutia sahihi.

Maji yalitoka safi. Ilikuwa maradhi ya njia ya mkojo, na baada ya wiki moja ya sindano mtoto alirudi nyumbani ananyonya. Hakuna aliyelalamika kwamba tumekwenda bure. Yule bibi, ambaye sasa haoni vizuri na hutembea kwa mkongojo, alikuwa akitungoja barazani siku walipomrudisha. Alitushika mkono, hakuuachia. "Shekhe," alisema, "nasikia siku hizi wasomea ndani ya tuktuk?"

Tukamwambia naam, bibi, siku hizi twasomea humo.